Kokoto Katika Nywele za Benedikto

Mchanga wa shamba la Mama Yuliana haukuwa na jiwe hata la kumfukuzia kunguru. Sajenti Maryam Husseni aliuchota kiganjani, akauchuja kati ya vidole, akauacha umwagike juu ya majani makavu ya mkorosho. Mchanga mtupu, mwekundu, laini kama unga uliochekechwa. Akasogea pembeni, akachota tena. Ni ule ule.

Mahali alipokutwa marehemu palikuwa pamezungushiwa matawi. Mabibo yaliyoanguka yalitapakaa kila upande, mekundu na ya njano, nzi na nyuki wakiyagombea. Lakini damu haikuwepo. Mtu amepasuka kisogo, amelala hapo mpaka amekufa, na mchanga haukunywa hata tone. Maryam alisimama, akapangusa mikono kwenye sketi ya sare, akatazama mashina yote yaliyokuwa karibu. Afande Dauda alikuwa amemwambia kwamba kijana alilewa, akaanguka, akajigonga kwenye mzizi. Mizizi ilikuwepo, tena minene. Yote ilikuwa safi.

Marehemu aliitwa Benedikto, fundi wa majokofu kutoka Mtwara. Alikuwa ametoka na rafiki zake wawili, Godwin na Erasto, kwa pikapu ya Godwin, kutembea mwisho wa wiki. Safari waliipanga vizuri. Ijumaa walifika Masasi, wakaonja mvinyo wa mabibo unaotengenezwa na kikundi cha akina mama chini ya ile milima ya mawe. Jumamosi wapande Newala, wanywe uraka mbichi, ile pombe ya maji ya mabibo, na kulitazama bonde la Ruvuma kutoka ukingoni. Jumapili wateremke pwani, Mikindani hadi Msimbati, wakaogelee. Jumapili ndiyo hiyo, na Benedikto alikuwa amelala hospitali, amefunikwa shuka mpaka kichwani.

Aliyemkuta ni Mama Yuliana mwenyewe, mjane anayekamua mabibo na kuuza uraka kando ya barabara ya Masasi, kabla ya kuingia Newala. Alitoka alfajiri kuokota mabibo kabla mbuzi hawajayafikia, akamwona mtu chini ya mkorosho, akapiga yowe. Watu walikuja. Polisi wakaja. Mpaka jua linapata nguvu, aliyepiga yowe ndiye aliyekuwa mahabusu.

Afande Dauda, mkuu wa upelelezi, hakumkamata bila sababu. Marafiki wote wawili walisema walimwacha Benedikto akinywa nyumbani kwa mama huyo. Shati la marehemu lilikuwa limelowa uraka. Na nyuma ya nyumba polisi walikuta pipa na bomba la kukenekea gongo, kitu ambacho sheria haikitaki.

"Kesho asubuhi anapelekwa Mtwara, shitaka la kuua," Dauda alimwambia Maryam. "Kama una swali, uliza leo. Mimi sina."

Maryam alikuwa nalo. Alilipata hospitali, kabla hajaja shambani. Daktari wa zamu alikuwa amemgeuza marehemu, akatenga nywele kwa koleo dogo, akachomoa vijiwe kutoka kwenye jeraha, akavidondosha kwenye sahani ya bati. Vilikuwa vyeusi, vyenye makali, vimevunjwa kwa mashine.

"Hivi havioti shambani," daktari alisema. "Na jambo jingine, Sajenti. Shati linanuka pombe kuliko mdomo."

Maryam alitembea kutoka shambani hadi barabarani, akafuata kingo za barabara akielekea mjini. Barabara ilikuwa ikijengwa. Pale penye mchepuko, magari yanapoacha lami mpya na kukata kona kuingia kwenye njia ya vumbi, mkandarasi alikuwa amemwaga marundo ya kokoto nyeusi. Rundo la kwanza lilikuwa limeparaganyika upande mmoja. Mtu alikuwa amelirudishia kwa mguu, lakini kwa haraka, maana mawe ya chini na ya juu yalikuwa na vumbi, na ya katikati hayakuwa nalo. Akachukua mawe machache, akayafunga kwenye leso. Akapiga simu kituoni, akaomba Godwin na Erasto wasiruhusiwe kuondoka.

"Ni mashahidi, si watuhumiwa," Dauda alisema.

"Ndiyo afande. Mashahidi wakiondoka nitamuuliza nani?"

*

Godwin alikuwa kijana mrefu, ananukia marashi, anayezungumza na polisi kama anavyozungumza na mhudumu wa hoteli. Kwao ni Dodoma, alihamia Mtwara kikazi. Maryam alimpa kiti, akamwacha aseme. Akasema mengi. Alieleza jinsi mvinyo wa mabibo wa Masasi usivyofika hata robo ya mvinyo wa zabibu wa kwao, jinsi Benedikto alivyobishana naye njia nzima kuhusu hilo, jinsi walivyocheka. Alasiri walifika kwa yule mama, wakakaa kibandani kwake, wakanywa. Jua lilipokaribia kuzama yeye na Erasto wakataka kuingia mjini. Benedikto akakataa, akasema amepata kwao. Wakamwacha, wakaenda kulala gesti.

"Mlikaa wote watatu?"

"Wote watatu."

"Nani alikuwa anawapa pombe?"

"Mwenyewe, yule mama. Mchangamfu sana, usimwone vile sasa hivi. Alikuwa anachota na kumpa mtu mkononi. Alimpa Benedikto, akanipa mimi, kisha Erasto akapokea kata, mama akamtania kwamba anakunywa kama kuku, tukacheka mpaka basi. Muulize Erasto."

Maryam alimuuliza Erasto. Huyu alikuwa mfupi, mkimya, mtu wa Nanyamba, makanika. Alikaa ukingoni mwa kiti kama anayesubiri kuitwa kwingine. Alisema ilikuwa kama alivyosema Godwin. Walikaa? Walikaa. Walikunywa? Ndiyo, kama alivyosema mwenzake. Maryam alipomtaka aeleze kibanda kilivyo, akasema kibanda ni kibanda tu, cha makuti. Maryam alikuwa ametoka huko. Kibanda kile kiliezekwa kwa nyasi.

Hakumwambia. Alimshukuru, akamwomba asubiri kwenye benchi la nje.

Kisha akaenda mahabusu. Mama Yuliana alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, kanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho, kama vya kila mwanamke wa kule msimu huo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni wa wapi?"

"Masasi."

"Basi afadhali. Hao wengine wananiuliza kama wanamuuliza mbuzi."

Mama alisema hakuna mtu aliyekaa kwake Jumamosi alasiri. Gari lilisimama, akashuka kijana mrefu, akanunua dumu la uraka, akaondoka nalo. Basi. Na lile pipa la gongo alilikubali bila kupepesa. Hilo ni lake, wamfunge kwa hilo kama wanataka, lakini hakumwua mtoto wa mtu.

"Garini kulikuwa na nani mwingine?"

"Sikutazama."

"Hukutazama kabisa?"

"Mimi nauza uraka, mwanangu. Siuzi macho."

Mfanyabiashara wa kando ya barabara humhesabu mteja kabla gari halijasimama. Anajua wako wangapi, nani mwenye kiu, nani wa kumkopesha na nani wa kumnyima. Mama huyu alikuwa anasema kweli juu ya jambo kubwa na kusema uongo juu ya jambo dogo, na Maryam hakupenda uongo mdogo. Mtu hausemi bure.

Akamuuliza mara ya pili, kwa njia nyingine. Mama akageukia ukuta, akasema kichwa kinamuuma.

*

Uani mwa kituo gari la polisi na pikapu ya Godwin yalikuwa yameegeshwa sambamba. Gari la polisi lilikuwa na vumbi nene, watoto walikuwa wameandika majina yao kwenye milango. Pikapu iling'aa. Maryam aliizunguka. Akapanda nyuma. Bati lilikuwa jeupe, pembe zote zimesuguliwa. Akapitisha kidole kwenye mshono wa bati na kukinusa. Sabuni ya unga.

Mwezi ulikuwa wa kumi. Mvua ilikuwa bado mbali, mabomba ya Newala yalikuwa yanakoroma hewa, na kina mama walikuwa wanalaza ndoo kwenye foleni. Gesti waliyolala vijana ilikuwa inampa mgeni ndoo moja, aoge na kusukutua mdomo humo humo. Afande Dauda aliliona gari hilo asubuhi na hakushangaa, kwa sababu huko alikozaliwa yeye gari huoshwa. Maryam alifunga kamba za viatu, akaenda sokoni kwa wauza maji.

Hakuwa na haja ya kuuliza wengi. Wa kwanza tu alimwelekeza kwa Bonifasi, mwenye toyo, pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea madumu, huku akicheka. Bonifasi alikuwa amelala juu ya madumu yake matupu, kofia usoni.

"Aliyeosha gari?" Aliinuka mwenyewe kabla hajaombwa. "Afande, huyo nilitaka kumleta kwenu mwenyewe. Mtu akiosha gari mwezi huu hapa kwetu, huyo ama ni tajiri ama ni mchawi, na viatu vyake havikuwa vya tajiri."

Alieleza kwamba Jumamosi magharibi pikapu ilikuja, kijana mrefu akashuka, akataka maji yote. Bonifasi alimwambia maji hayo watu wanakunywa. Kijana akasema amimine tu, nyuma hasa, asiache pembe. Kina mama waliokuwa kwenye foleni wakaanza kumsema. Mmoja, mtu mzima, akamwambia mwanangu, hapa kwetu hata maiti tunaiosha kwa madumu mawili, wewe hilo gari lako limekufa lini?

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alibadilika rangi, nikadhani ameona haya."

"Maji yaliyotoka yalikuwaje?"

Bonifasi aliacha kutabasamu. "Nilimuuliza. Akasema dumu la uraka limepasuka. Na kweli palinuka uraka. Lakini afande, mimi uraka nimenyonya kabla ya maziwa ya mama. Uraka haushikani na bati hivyo. Wala si mwekundu."

"Alishukia mlango upi?"

"Wa kushoto."

"Una hakika gani?"

Bonifasi alivuta suruali, akaonyesha goti lenye mchubuko. "Mlango ndio ulionipa hii. Toyo langu lilikuwa upande ule. Na yule wa kwenye usukani hakushuka wala hakusema pole. Nilimsalimia, hakuitika. Nikasema huyu si wa huku. Mtu wa huku huitika salamu hata akiwa na kesi."

Wauza maji wenzake wakacheka. Maryam hakucheka. Godwin alikuwa ameandika kwenye maelezo yake kwamba gari ni lake na hampi mtu usukani.

*

Aliporudi kituoni alimkuta mwanamke kijana mlangoni, kikapu cha chakula kichwani, mtoto mgongoni, vumbi la basi mpaka kwenye kope. Alikuwa ametoka Mtwara asubuhi, baada ya jirani wa mama yake kumpigia simu. Jina lake Yuliana. Askari wa zamu alikuwa anamwambia asubiri, na yeye alikuwa anasema chakula kitapoa.

Maryam alimpokea kikapu, akamwongoza kupitia veranda ya uani. Walipita mbele ya benchi. Yuliana akasimama ghafla, mtoto akagonga kidevu mgongoni mwa mama yake na kuanza kulia.

"Baba Agatha?"

Erasto aliinua kichwa, kisha akakirudisha chini.

"Baba Agatha, si uliniaga unakwenda Mikindani? Nimekupigia simu toka asubuhi. Mama wamemkamata. Wewe uko hapa tangu lini?" Alimtazama Maryam, akamtazama tena mumewe. "Amekuja kumtoa mama?"

Upande wa pili wa ua, Godwin aliyekuwa ameegemea pikapu yake aliacha kubonyeza simu.

Maryam alimpeleka Yuliana ndani, akamkalisha, akampa maji ya kunywa. Akamuuliza maswali machache tu. Wameoana lini? Kanisani, mwaka juzi. Mumewe na mama yake wanaelewana? Yuliana alimshangaa. Wanaelewana sana. Mama alimpenda mkwewe tangu siku ya posa, na kila msimu humtumia korosho alizobangua kwa mkono.

"Wakikutana wanazungumza?"

"Watazungumzaje, dada? Si mkwewe?"

Maryam hakuhitaji kufundishwa. Yeye ni Myao, na katika hili Wayao, Wamakua na Wamakonde ni kinu na mchi. Kaka yake mwenyewe huzunguka mtaa mzima asipite mbele ya nyumba ya mama mkwe. Mkwe hakai alipo mkwe, hali mbele yake, hamtaji jina, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Na Godwin, mtu wa Dodoma, alikuwa ametunga kata ikitoka mkononi mwa Mama Yuliana na kuingia mkononi mwa Erasto, na juu yake akaongeza utani na kicheko. Angesema Erasto aliruka kutoka Newala mpaka Msumbiji, ingekuwa rahisi kuaminika.

Aliingia ofisini kwa Dauda akayamwaga yote mezani, kokoto na maneno. Dauda alisikiliza, kalamu mdomoni.

"Kwa hiyo mwuaji ni Godwin," alisema. "Ndiye aliyetunga uongo."

"Alitunga uongo, afande. Lakini uongo wa nani?"

"Sema vizuri."

"Erasto alisikia jina la mama mkwe wake likitajwa, akanyamaza. Alimwona akitiwa pingu, akanyamaza. Mwanamume wa Nanyamba hawezi kumwacha mkwewe alale lokapu kwa kosa la rafiki. Hata angekuwa ndugu yake wa tumbo moja."

Dauda alitoa kalamu mdomoni. "Huo si ushahidi, Maryam. Hizo ni mila."

"Ndiyo afande. Naomba chumba cha mahojiano na ruhusa ya kumleta mama."

*

Erasto alirudi kukaa ukingoni mwa kiti kile kile. Dauda alisimama dirishani, mikono nyuma. Maryam alimtaka shahidi arudie maelezo yake kuhusu kibandani, pole pole, maana kesho mtu anapelekwa Mtwara kwa maneno hayo.

Erasto akarudia. Walikaa. Walikunywa. Kama alivyosema Godwin.

"Mama alikupa kata wewe mwenyewe?"

"Kama alivyosema Godwin."

"Mkononi?"

Erasto alisugua viganja magotini.

"Sawa," Maryam alisema, akamgeukia askari mlangoni. "Mlete Mama Yuliana. Atuonyeshe alivyompa."

Erasto alisimama kabla askari hajatoka. Akaangalia dirisha, Dauda alikuwa hapo. Akaangalia mlango. Nyayo za mama zilisikika kwenye korido, zikikaribia, na Erasto akaenda kwenye kona ya chumba, akauelekeza uso ukutani, akaweka viganja viwili juu ya kichwa kama anayenyeshewa. Mama Yuliana alifika kizingitini. Aliona mgongo ule. Akajifunika kanga uso mzima, akageuka naye, akasimama akiutazama ukuta wa korido. Watu wawili waliokuwa wamekunywa na kutaniana, kwa mujibu wa maelezo yaliyotiwa sahihi, walipeana migongo.

Askari mmoja kijana alitaka kucheka. Dauda alimkata jicho.

"Hajanipa kitu," Erasto aliuambia ukuta. "Mama hajanipa kitu. Mtoeni. Nawaomba mtoeni, nitasema."

Maryam aliashiria, mama akarudishwa. Nyayo zilipokwisha kusikika kabisa ndipo Erasto alipogeuka.

Alisema kwamba hawakukaa kwa mama hata kidogo. Godwin alishuka akanunua dumu, yeye akabaki garini amejiinamia chini ya usukani, kofia usoni. Benedikto alikuwa nyuma, anaimba. Wakaondoka. Benedikto akakaa juu ya ukingo wa bati, dumu kifuani, anakunywa na kuwapungia watu mkono. Kwenye mchepuko gari liliingia kona kwa kasi.

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Godwin."

"Godwin alishukia mlango wa kushoto kwa muuza maji. Akamchubua goti. Tumeliona goti."

Erasto alikaa. Safari hii alikaa kwenye kiti chote.

"Mimi," alisema. "Godwin alikuwa amezidiwa na mvinyo tangu Masasi. Sina leseni. Nilikuwa nimekunywa na mimi. Nilisikia dumu likigonga bati, nikatazama kioo, hayupo."

Walimkuta juu ya kokoto. Wakambeba, wakamlaza nyuma, uraka uliomwagika ukimlowesha. Yeye alitaka hospitali. Godwin akasema wakienda hospitali, polisi wataitwa, gari litakamatwa, na dereva asiye na leseni ataozea jela, mtoto wake bado ananyonya. Wakageuza gari. Wakamlaza chini ya mkorosho, karibu na nyumba.

Maryam aliuliza lile ambalo hakutaka kuliuliza.

"Alikuwa amekufa?"

"Alikuwa anahema."

Dauda aligeuka kutoka dirishani.

"Anahema, mkamwacha?"

"Nilipiga honi, afande." Erasto alinyoosha mikono kama anayeonyesha honi ilipo. "Nilipiga honi ndefu. Gari likisimama pale mama hutoka, kila gari kwake ni mteja. Nilijua atatoka, atamwona, ataita watu. Mimi nisingeweza kwenda kugonga mlango wake. Nilijua atatoka. Asubuhi tukasikia amekutwa maiti, na Godwin alikuwa ameshasema ya kusema."

Kisha Dauda akaita askari wawili, mmoja kwa ajili ya Erasto, mwingine kwa ajili ya yule aliyekuwa uani akizungumza na wakili kwa simu. Godwin aliposomewa makosa yake aliuliza kama anaweza kuliacha gari mahali penye kivuli.

*

Kazi ya kumwachia Mama Yuliana ilimwangukia Maryam. Kuhusu pipa la gongo, Dauda alisema litazungumzwa siku nyingine, na kwa namna alivyosema ilielekea siku hiyo haitafika. Maryam alifungua mlango wa mahabusu, akauacha wazi mpaka mwisho.

"Mama, umeruhusiwa. Yuliana anakusubiri nje na mjukuu."

Mama hakuinuka. "Yule kijana yuko wapi?"

"Kijana gani?"

"Aliyesimama kwenye kona."

"Yuko kwenye benchi la korido, anaandikiwa maelezo."

"Basi siwezi kupita. Mwondoeni kwanza."

Maryam alimwita askari, Erasto akahamishwa chumba kingine, mlango ukafungwa. Mama alisikiliza mpaka komeo likalia. Ndipo akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akatikisa vumbi. Maryam alikuwa amesimama kizingitini. Angeweza kumwacha aende zake. Lakini ule uongo mdogo bado ulikuwa unamkereketa kooni.

"Mama. Jana uliliona gari, na ulijua aliyemo."

"Sijawahi kumtazama mkwe wangu usoni tangu amwoe mwanangu. Nitamjuaje?"

"Mama."

Mama Yuliana alitazama vidole vyake vilivyobabuka. "Nilipopeleka dumu, mtu aliinama mpaka kichwa kikaingia chini ya usukani. Duniani haniinamii hivyo ila mmoja. Nikafurahi, mwanangu. Nikasema ana adabu hata akiwa na wahuni. Wewe ungemtaja?"

"Nisingemtaja."

"Haya."

"Gari lilirudi. Jua linazama. Lilipiga honi."

"Lilipiga."

"Ulisikia?"

"Nilikuwa nimekaa mlangoni kabisa. Nikaliona ni lile lile. Nikajua ndiye, amesahau kitu, au wamerudi kununua tena, na aibu inamkaba. Nikaingia ndani nikafunga mlango, ili mkwe wangu apite kwa amani." Alianza kutembea, akafika karibu na Maryam, akasimama. Alikuwa amerudishwa mahabusu kabla Erasto hajaungama, na hakuna aliyekuwa amemsimulia. Sasa macho yake yalikuwa yamekaza usoni mwa Maryam, yakipekua, kama yeye ndiye mpelelezi.

"Walikuja kumlaza yule mtoto wa watu. Ndiyo honi ile?"

"Ndiyo mama."

"Walipomlaza, si alikuwa amekwisha kufa?"

Nje, mtoto Agatha alikuwa amenyamaza. Maryam alifungua mdomo. Tangu asubuhi alikuwa amewadai watu ukweli; sasa alidaiwa yeye.

"Twende, mama," alisema. "Nitakusindikiza mpaka nyumbani."

Mama Yuliana alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akarudi ndani, akajishikiza ukutani, akakaa chini pale pale alipokuwa amekaa, mlango ukiwa wazi mbele yake.